Shingo ya Daktari Vulkova

Nevena alimwacha daktari wake mimba ikiwa mwezi wa tisa, mezani, mbele ya pilipili hoho za kuchoma, na kijiji kizima kilijua kabla sahani hazijaoshwa. Tena hakuwa daktari hivi hivi. Daktari Karadzhov ndiye aliyesimamia ndoa yake, na kwetu sisi Wabulgaria msimamizi wa ndoa haachwi. Mume unaweza kumwacha na watu wakakuelewa.

"Alhamisi nakupasua," alisema Karadzhov huku akimenya pilipili. "Ijumaa naenda kuwinda nguruwe mwitu."

"Lakini daktari, si mwenyewe ulisema safari hii naweza kusubiri uchungu?"

"Ukija Jumamosi nitakuwa msituni. Hebu nipe chumvi."

Nevena alimpa chumvi. Alipokuwa akinyoosha mkono akamkumbuka mwanawe wa kwanza. Mara ile pia Karadzhov alikuwa na safari zake; akampasua chapuchapu, na mtoto akapelekwa chumba kingine. Ukoo mzima ulimwona kupitia kioo kabla ya mama yake. Siku alipoletewa hatimaye, kaoshwa, kafungwa kitambaa, Nevena alimtazama akaona haya, maana hakumjua. Hilo lilimuuma, na lilikuwa linamuuma mpaka leo.

"Hao nguruwe umewauliza kama siku hiyo inawafaa?" akasema.

"Unasemaje?"

"Nasema kawapasue hao. Mimi natafuta daktari mwingine."

Mama mkwe wake, Bibi Stoyanka, alidondosha uma. "Toba! We mwana, mkataa pema pabaya panamwita!" Plamen, mumewe Nevena, aliondoka mezani kwenda kuwaangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Basi ikawa kuhangaika. Kila daktari mjini alimtazama tumbo akamwambia mama, umechelewa, rudi ulikotoka. Akabaki mmoja tu, Daktari Vulkova, mwanamke aliyerejea karibuni kutoka Ujerumani alikokaa miaka na miaka. Nevena akaenda kwake pamoja na Bibi Stoyanka, ambaye alitaka kushuhudia kwa macho yake akikataliwa.

Vulkova alimpima kimya, kalamu iko mdomoni. Nevena uvumilivu ukamshinda.

"Daktari, utanipokea?"

Vulkova akakipeleka kichwa juu na chini. Sasa, mtu akikipeleka kichwa juu na chini amekataa. Anayekubali hukitikisa kulia na kushoto. Sisi ndivyo Mungu alivyotuumba, na kama nchi nyingine wanafanya kinyume, wamekosea wao.

"Basi kusubiri uchungu utaniruhusu?"

Juu, chini.

"Na mtoto? Utaniwekea kifuani akitoka tu?"

Juu, chini, tena kwa tabasamu! Nevena aliteremka kitandani, akavaa viatu kinyume, akatoka analia.

"Nilikwambia," alisema Bibi Stoyanka walipofika uani, ingawa raha aliyoitarajia hakuiona. "Basi nyamaza, mwanangu. Tutampelekea Karadzhov chupa ya rakia, umwombe radhi. Atanung'unika, atakunywa, atakupasua, yaishe."

Nevena alikwisha kukiona tena akilini kile kioo. Akalia zaidi. Hapo wakasikia kandambili zinapigapiga nyuma yao; Vulkova anakuja mbio, koti linapepea.

"We mama! Unakwenda wapi? Hatujapanga hata siku ya kurudi!"

"Nirudi kufanya nini, na wewe umenikataa?"

"Nimekukataa saa ngapi? Nimekubali yote matatu!"

"Umekataa yote matatu! Mama huyu shahidi!"

Bibi Stoyanka alimtazama daktari kuanzia kandambili hadi nywele. "Hebu kubali tena, mwanangu, tukuone."

Vulkova akakubali. Juu, chini, juu, chini.

"Ala! Si ndiko kukataa huko!"

Daktari akajishika shingo kwa mikono miwili, akaanza kucheka. "Jamani, Wajerumani! Ulimi nimerudi nao, shingo nimeiacha kule."

Uchungu ulikuja Jumamosi asubuhi, Karadzhov yuko msituni na nguruwe wake. Plamen alinusa dawa mlangoni mwa leba akaanguka chini, kwa hiyo aliyeingia ni Bibi Stoyanka. Aliingia na midomo imebana, tayari kukosoa. Lakini Vulkova kila alilotaka kulifanya aliuliza kwanza. Nikuguse hapa? Ungependa kusimama? Tusubiri kidogo? Bibi Stoyanka akasikiliza, akasikiliza, mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mimi nimezaa watatu," alisema polepole. "Hakuna aliyeniuliza hata jina. Nilikuwa 'wewe wa kitanda cha dirishani, sukuma!'"

Mtoto alitoka mchana, wa kike, ana hasira. Vulkova akamwinua. "Nikupe sasa hivi?"

Nevena alitaka kusema. Koo lilikuwa limejaa kilio, sauti haikupita. Akatikisa kichwa kulia na kushoto kwa nguvu zote zilizombakia.

Vulkova, masikini, alikuwa amechoka, na shingo yake ikarudi Ujerumani. "Haya, pumzika kwanza, tutamwosha," akasema, akageuka na mtoto kuelekea mlangoni.

Mlangoni alimkuta Bibi Stoyanka, mikono ameitanua ukuta hadi ukuta.

"Wee! Rudisha mtoto! Mwenyewe kakubali, humwoni? Kichwa kitamtoka kwa kukubali! Mambo ya kuosha baadaye! Mpe mwenyewe!"

"Mungu wangu," alisema Vulkova, akarudi mbio, akamlaza mtoto kifuani pa mama yake, angali na majimaji. Mtoto akanyamaza. Nevena akamtazama kitambo, uso kwa uso, mpaka sauti ikamrudia.

"Huyu namjua," akasema.