Jicho Moja na Kikombe cha Chai

Kibanzi kilimrukia Emerensiana kwenye jicho la kulia alipokuwa akipasua kuni za mgahawa wake mdogo pale Bagara. Hospitali walimtibu, kidonda kikapona, lakini nuru haikurudi. Akajifariji kwamba lililobaki litatosha kuuzia chai.

Halikutosha. Siku aliyorudi kazini alinyoosha mkono kushika kikombe, vidole vikafumba hewani kabla ya kukifikia. Akajaribu tena, akakisukuma kikaanguka. Alipomimina chai, ikapita pembeni na kumwagikia suruali ya Sylvanus, karani aliyekunywa hapo kila asubuhi.

"Pole, Mama Gerson," Sylvanus alisema huku akijipangusa, kana kwamba kosa lilikuwa lake. "Wala haijaniunguza."

Tangu hapo wateja wakawa wanainuka kujimiminia wenyewe. Walifanya hivyo kwa huruma, na huruma ile ikamchoma kuliko matusi. Akawa anasimama nyuma ya meza yake mwenyewe kama mgeni.

Nosim, mama wa Kimaasai aliyemletea maziwa, aliyaona hayo yote. Naye alikuwa na jicho moja. Jingine lilitobolewa na pembe ya ng'ombe zamani. Miaka sita walikuwa wakionana, na Emerensiana hakuwahi kumuuliza anakamuaje.

"Shikamoo, Mama Koisaba," Emerensiana alimwambia asubuhi moja. "Mimina mwenyewe tu, mkono wangu umeharibika."

"Marahaba. Mkono ni mzima kabisa," Nosim alisema. "Jicho ndiyo inadanganya. Ikibaki moja, haijui mbali na karibu. Mimi nikikamua, naweka kichwa kwa ubavu ya ng'ombe. Mwili ikigusa, mkono inajua chuchu iko wapi. Wewe unasimama mbali, unarusha mkono. Kaa."

Akamvutia stuli. Emerensiana akaketi, kifua karibu na meza, kiwiko juu ya ubao.

"Sasa tembeza mkono hapo mezani, polepole. Ukigusa, shika."

Mkono ukatambaa juu ya ubao mpaka vidole vikagusa kikombe. Akakishika, akakiinua. Akakiweka chini, akakiinua tena, mara nne, mara tano. Machozi yakamtoka macho yote mawili.

"Wewe ilikuchukua muda gani?" aliuliza.

"Mpaka ng'ombe ile ikazaa tena."

"Yule yule aliyekutoboa?"

"Hiyo hiyo. Maziwa yake ningemwachia nani?"

Wakacheka mpaka wateja wakageuka.

Wiki ile Emerensiana alimwita fundi aipunguze meza miguu, akawa anauza chai akiwa ameketi. Alijifunza kugusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kabla ya kumimina. Mwezi wa kwanza alivunja vikombe viwili, wa pili hakuvunja hata kimoja. Mteja mgeni akinyanyuka kutaka kumsaidia, humwambia, "Kaa, baba, chai inakuja."