Kichwa cha Mwangangi

Hedibendi ilikataa tena. Wayua aliivuta kwa vidole vyote, akaishusha hadi juu ya masikio ya mtoto, lakini alipoiachia ilipanda yenyewe polepole na kukwama karibu na utosi. Wavinya, aliyekuwa na miezi mitano na nywele chache zisizoshika hata pini, alikunja uso akalia.

"Nyamaza, wewe. Anayefaa kulia hapa ni mimi," Wayua alimwambia, akaivua. Kwenye paji la uso ilibaki alama nyekundu.

Alikuwa dukani kwake Mukuyuni, kati ya magunia ya chakula cha kuku na chupa za dawa ya kupe. Alikuwa na diploma ya afya ya mifugo na hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu. Mteja akitoka na mbegu zake za pojo, Wayua tayari ameshika kroshia. Mkono wake ulijulikana soko zima kwa kukaza. Kina mama wa kanisa walisema kitambaa cha meza alichoshona Wayua unaweza kukitumia kuchota maji.

Tatizo ni kwamba hii hakuishona yeye. Yake ilikuwa ile ya kwanza, ya uzi wa krimu, iliyomkaa mtoto vizuri kabisa halafu baada ya siku chache ikaanza kumuuma. Rahab, muuza nyuzi wa duka la pili, alimcheka hadi akashika mbavu, akimwita kwa jina la binti yake mkubwa.

"Mama Mbinya, mtoto si kifuniko cha mtungi. Lete hapa nikushonee ya binadamu." Na akashona, kwa mkono wake mwepesi uliolegea kama chapati ya maji. Ilipokwisha, kidole kilipita chini yake bila kusukuma. Hiyo ilikuwa wiki iliyopita tu.

Sasa Rahab alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akiitazama kazi yake ikikataa.

"Umeifua na maji moto."

"Uzi huu haurudi ukifuliwa, Rahab. Wewe ndiye unayeuuza."

"Basi umemlisha sana."

"Nimemlisha kichwani?"

Rahab alicheka, lakini alipomtazama mtoto kicheko kiliisha mapema. Akasema chai inapoa, akaondoka.

Wayua alijaribu kuhesabu dawa za minyoo, akapoteza hesabu. Alifagia mahali alipokuwa ameshafagia. Jumapili Wavinya angewekwa wakfu katika kanisa la Zombe, kwa kina Kitonga mumewe, na mama mkwe wake alikuwa ametoa agizo moja tu: mtoto asifike mbele ya watu kichwa wazi, akaja kuitwa mvulana mbele ya mchungaji. Ukoo mzima ungekuwepo. Mbuzi alikuwa ameshafungwa.

Jioni alimweleza mumewe. Kitonga alikuwa amepiga magoti akirekebisha mguu wa meza, na hakuinua macho.

"Hicho ni kichwa cha Mwangangi," alisema kwa fahari, kama mtu anayetaja shamba.

Mwangangi alikuwa babake, marehemu. Nyumba ile ilikuwa na hadithi moja iliyosimuliwa kila sherehe, kwamba mzee alizunguka Kitui yote akitafuta kofia ya harusi na mwishowe akaoa na kofia iliyopasuliwa nyuma ikashikizwa na pini. Mtoto yeyote wa ukoo aliyezaliwa na kichwa kikubwa alipokelewa kwa vigelegele. Kitonga alimpigia mamake, akaweka simu mezani wote wasikie.

"Mwaitu, hedibendi zinamshinda mjukuu wako."

Susu, kama watoto walivyomwita bibi yao, alicheka hadi simu ikakwaruza. "Mwache huyo. Ni baba yenu amerudi. Wayua, ongeza uzi, mama. Usiwe mchoyo."

"Nimeshaongeza, Mwaitu," Wayua alijibu. "Rahab naye ameongeza."

"Ongeza tena. Akili inahitaji nafasi."

Wakacheka wote wawili, mama na mwana. Wayua alitabasamu kwa heshima, akainuka kwenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Kilichomkera hakuweza kukitaja. Mtoto ananyonya. Mtoto anacheka. Siku mbili tatu alikuwa ametapika, lakini ni mtoto gani asiyetapika. Kliniki walimpima uzito mwezi uliopita wakasema vizuri. Wayua alijiambia ni mkono wake, na Rahab naye labda alikaza bila kujua kwa kuketi karibu naye. Ulikuwa upuuzi, na alijua. Lakini alitamani sana liwe kosa lake. Kosa lake angelifumua.

Kesho yake asubuhi, alipokuwa akipanga nguo za safari ya Zombe, aliinama ghafla akavuta sanduku la chini ya kitanda. Chini kabisa, ndani ya sweta ndogo, alikuta alichokuwa akitafuta: hedibendi ya zambarau ya Mbinya, kifungua mimba wake, aliyepewa jina la susu yake. Mbinya aliivaa tangu anasimama hadi siku alipoanza shule ya nasari, ndipo alipoikataa mwenyewe kwa sababu wenzake waliicheka. Na Mbinya naye alikuwa damu ya Mwangangi. Kichwa chake kilishangiliwa vilevile.

Wavinya alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa mto. Wayua alimvisha taratibu, hata akajikumbusha kulegeza mabega.

Haikupita.

Aliketi karibu na mtoto. Alimwekea kiganja utosini, pale palipo laini, akakuta pamevimba kidogo na kukaza, ingawa mtoto alikuwa ameketi wima na hakuwa akilia. Mfugaji akileta ndama akasema amezaliwa hivi, Wayua angemwambia aache maneno, amlete karibu. Huyu wake alikuwa amemtazama wiki nzima kwa masikio ya watu wengine.

Alipanga upya mkoba. Gauni la kanisani alilitoa. Aliweka nepi, kitabu cha kliniki na hedibendi zote tatu.

"Naenda hospitali ya mjini Wote," alimwambia Kitonga alipoingia na funguo za gari.

"Tutapita tukirudi. Jumatatu."

"Sasa."

"Mama Mbinya." Alipumua kwa pua, kama afanyavyo akibishana bei na mtu. "Kuna mchungaji. Kuna wajomba wanatoka mbali kule Mwingi. Unataka nimwambie mama kwamba hatuji kwa sababu ya hedibendi?"

"Mwambie unavyotaka. Lakini kwanza ifanye wewe kazi hii." Akamwekea ile ya zambarau mkononi. "Ya Mbinya, ya mwaka wa nasari. Mvishe."

"Hizi ni kazi za wanawake."

"Mvishe, Kitonga."

Alimvisha. Alijaribu kutoka mbele, akajaribu kutoka nyuma. Alimgeuza mtoto upande, akasema pole mama, akajaribu tena. Kisha akakaa ameishika ile hedibendi kwa ncha za vidole, na uso wake ukawa ule wa siku walipomzika babake.

"Mbinya ataenda kwa nani?" ndilo alilouliza.

"Kwa Rahab. Nimeshamwambia."

Hospitalini walikaa kwenye benchi hadi Kitonga akamaliza kutembea kuta zote nne. Wayua alifunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Daktari alikuwa binti mdogo aliyeitwa Roselyne, mwenye sauti ya chini. Alizungusha utepe kichwani mwa Wavinya, akaandika, akauzungusha tena.

"Mama, ulianza kuona lini?"

Wayua hakuwa na tarehe. Alifungua mkoba, akazipanga mezani. "Hii nilishona mwanzo wa mwezi, ikamtosha. Hii alishonewa wiki iliyopita, ikabaki nafasi ya kidole. Jana haikuingia. Hii ni ya dadake wa miaka mitatu."

Daktari alizitazama. Alichukua utepe wake akaipima ya kwanza, halafu ya pili, na Wayua akaona kalamu ikiweka alama mbili ndogo kwenye mchoro wa ukuaji, moja juu ya nyingine, na mstari ukipanda kama njia ya mlimani.

Walimpiga mtoto picha kupitia utosini. Maji yalikuwa yanajikusanya ndani ya kichwa, njia yake ya kutokea imeziba. Angehitaji upasuaji katika hospitali kubwa, na haraka. Gari lingeondoka nao alasiri ile. Kitonga aliuliza maswali mengi yaliyogongana. Wayua aliuliza moja.

"Tumechelewa?"

"Wengi huletwa macho yakiwa yameshaanza kushuka," Roselyne alisema. "Yake bado yanatazama juu. Siwezi kukuahidi. Lakini hamjachelewa."

Kitonga alitoka nje kumpigia mamake, akarudi, akampa Wayua simu. Hakuweza kumweleza.

"Mwaitu," Wayua alisema, na kwa kuwa hakujua kuzunguka, alimwambia yote kwa mara moja.

Upande wa Zombe zilisikika sauti za kuku na za mtu akipasua kuni. Wayua alisubiri kuulizwa maji ya kichwani aliyaona wapi, yeye mwenye diploma ya ng'ombe.

"Na mimi nilikuwa nikipiga vigelegele," Susu alisema mwishowe.

"Hata mimi nilicheka, Mwaitu."

"Hukucheka. Nilikusikia usivyocheka." Akakohoa. "Mbuzi nitamfungua. Aendelee kula. Mchungaji nitamwambia aje na maombi, sahani atazikuta siku nyingine. Huko watamnyoa?"

"Upande mmoja. Hapo watakapopasua."

"Basi atakapokuja huku shona hedibendi pana. Ifunike hapo. Na Wayua…"

"Naam, Mwaitu."

"Hiyo usiikaze."

Wayua alikata simu. Gari lilikuwa halijafika, na mtoto alikuwa amelala mapajani pa babake, kinywa wazi. Aliichukua hedibendi ya kwanza, ile ya krimu, akatafuta fundo, akaling'ata, akaifumua yote hadi uzi ukajaa mapajani. Kisha akaanza upya, pana kama kiganja. Hii hangeifunga duara. Angeziacha ncha mbili wazi, kila moja na kamba yake, za kufungwa nyuma kulingana na kichwa kitakavyokuwa siku hiyo. Alishona bila kuhesabu, akisimamisha mkono kila injini ilipolia getini, na kila alipoona uzi umeanza kukaza kidoleni, aliulegeza.