Tepu Mbili na Mkono wa Mkasi

Kwetu mtu akiingia, kabla hajamaliza kujibu habari za kwao, baba ameshamkadiria kiuno. Baba na mama ni mafundi nguo. Chumba cha mbele ndicho duka: cherehani mbili zinazotazamana, meza ndefu ya kukatia, pasi, na mimi nikishona vifungo huku nikingoja matokeo ya kidato cha nne.

Mdogo wangu wa kike ana miaka tisa, na tunamwita Mkasi kwa sababu miguu yake haijui kutulia. Siku moja alipanda juu ya meza ya kukatia, akatangaza kwamba ataruka mpaka kwenye gunia la vipande vya vitambaa, kule mlangoni. Mimi, dada mtu, msomi wa nyumba, nikamwambia hafiki hata nusu. Alifika nusu kamili. Akaangukia kiganja cha kushoto.

Daktari wa mifupa, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya taratibu, alitueleza kwamba mfupa wa mtoto hauumuki kila mahali kama unga wa hamira. Unarefukia karibu na ncha zake, kwenye tabaka laini la gegedu, na Mkasi alikuwa amevunjika hapo hapo, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Tabaka lile likipona vizuri, mkono utaendelea kukua kama mwenzake. Likijifunga kabla ya wakati, utabaki nyuma, au utapinda. Akamfunga plasta, akasema miezi sita ikitimia tumpeleke apigwe picha nyingine.

Mwambie fundi nguo asubiri miezi sita bila kupima, uone. Plasta ilipotoka tu, kila Jumapili Mkasi alisimamishwa mbele ya kioo, mama akampima mikono yote miwili, bega hadi kifundo, nami nikaandika kwenye daftari la oda, kati ya sketi ya mwalimu na koti la bwana harusi. Kila wiki namba zilikuwa pacha. Tukaanza hata kujisahau.

Ikafika Jumapili moja shule zikiwa karibu kufunguliwa. Sare zilikuwa zimekalia viti vyote, sisi tumesimama. Kwa haraka ile wakampima Mkasi wanavyompima mteja siku ya foleni: mama upande wa kulia, baba upande wa kushoto, kila mmoja na tepu yake ya shingoni, wakitaja namba kwa zamu. Mama akasema arobaini na sita. Baba akasema arobaini na tano.

Nikaacha kuandika. Wakarudia, kila mmoja upande wake, kama walivyozoea tangu sijazaliwa. Jibu likawa lile lile. Wazo la kuazimana tepu halikumjia yeyote. Kwa fundi, tepu ni kama mswaki.

Siku tatu zilizofuata sitaki kuzisimulia sana. Mama alishona zipu ya sketi kwa nje. Baba alikaa na kipande cha chaki akachora shati lenye mshono wa bega uliosogezwa kwa ujanja, mtu asijue kwamba mkono mmoja ni mfupi, kisha akalifuta, kisha akalichora tena. Mkasi peke yake ndiye aliyenenepa, maana hakuna aliyethubutu kumwambia aoshe sahani. Sahani niliziosha mimi, hata zilizokuwa safi.

Jumatano hatukungoja tena tarehe ya kadi. Tulikwenda wote wanne, tukafunga duka, jambo ambalo hata mafua ya nyumba nzima hayajawahi kulifanya. Mkasi alipigwa picha, tukakaa kwenye benchi kungoja daktari aisome. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Mama, siku ile mimi ndiye nilimwambia hafiki."

"Tunajua, mwanangu. Alitusimulia siku ile ile. Tulikuwa tunakungoja wewe."

"Na nusu nilifika," Mkasi akakumbusha, asije mtu akamdhulumu.

Daktari alituita ndani. Aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akatoa tepu yake mwenyewe, akapima mikono yote miwili. Arobaini na sita, arobaini na sita. Baba akatikisa kichwa. Akasema kwa heshima zote kwamba yeye kazi yake ni hiyo hiyo ya kupima. Daktari akamruhusu apime basi. Wazazi wangu wakashika nafasi zao, kulia na kushoto, wakavuta tepu, wakataja: arobaini na sita, arobaini na tano.

Daktari hakubisha. Aliwaomba tepu zote mbili, akazishika pamoja kwa juu, akaziacha zining'inie. Ya baba ikaipita ya mama kwa vidole viwili. Ni ya kitambaa, imevutwa kila siku kwa miaka kumi na sita, hata alama zake zilishaachana. Sentimita yake moja ni moja na kidogo ya kweli, ndiyo maana ikasoma pungufu.

Mama ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta.

"Baba watoto, ina maana wateja wako wote umewapima na hili lastiki?"

"Napimia hii na nakatia hii. Nani amewahi kulalamika?"

Na kweli, hakuna. Suruali zake zinakaa mwilini kama ngozi. Kosa liliingia kwenye nguo na kutokea mlango ule ule, miaka yote, bila kumsumbua mtu.

Kisha daktari akatuonyesha kwenye picha mstari mwembamba, wazi, ulionyooka, karibu na ncha ya mfupa. "Huu haujafunga," akasema. "Mkono unakua. Mleteni tena baada ya mwaka, lakini mimi nitalala usingizi wangu." Baba akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa, akajifuta macho kwa tepu.

Mkasi aliomba picha yake akapewa. Njia nzima ya kurudi aliinyanyua kwa mikono miwili kulielekea jua, akimwonyesha kila tuliyepishana naye mahali anaporefukia. Muuza vocha akaitazama. Mwendesha baiskeli akashuka kabisa, akauliza mstari huo ni wa nini. Na baba akamshika bega yule bwana na kuanza kumweleza habari za gegedu, kwa kujiamini kwa mtu aliyesomea.