Kitambaa cha Kompyuta ya Valarie

Mzee Okinyi aliinua kompyuta mpya ya binti yake kwa mkono mmoja, akashtuka. Ilikuwa nyepesi mno. Alikuwa ametarajia kitu kizito kama televisheni, kitu cha kuwekwa mezani kikakaa hapo mpaka watu wakisahau. Hii ilikunjwa kama kitabu na kuingia kwenye begi.

"Hii ni kitu ya kusafiri," akasema, akairudisha haraka kama imemchoma.

"Ni ya kazi, Baba," Valarie akamjibu.

Okinyi alivijua vitu vya kusafiri. Alikuwa amechuma majani chai Kericho, akabeba magunia bandarini Mombasa, akachimba mitaro ya barabara kule Turkana. Hata shule aliisoma vipande vipande, darasa hapa, darasa kule. Alirudi nyumbani Luanda Kotieno magoti yalipogoma, na mpaka leo feri ya Mbita ikipiga honi, lazima asimame.

Sasa pasipoti iliyokuwa kabatini ilikuwa ya Valarie. Kulikuwa na ajenti aliyempigia simu kila mara kuhusu kazi ya nyumbani Uarabuni. Lakini kampuni moja ya ng'ambo nayo ilitafuta watu wa kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuandika yaliyosemwa, na jaribio lilikuwa mchana huohuo. Akipita, haendi. Akianguka, atamkubalia ajenti.

Mkewe Okinyi, Agneta, hakuwa na wasiwasi. Yeye alikuwa na kitambaa. Katika nyumba ya Agneta kila kitu kilivaa: viti, redio, televisheni, hata mtungi wa gesi ulikuwa na gauni. Hiki alianza kukifuma siku Valarie alipotaja kununua kompyuta. Cheupe, kinene, kina maua pembeni. Akakikunja mara mbili, akaikalisha kompyuta juu yake, ikazama kama kuku anayeatamia.

"Haya. Sasa inafanana na kitu cha watu."

Valarie akakitazama kitambaa, kisha akavuta kiti. Vitambaa vya Agneta havikuwa vya kuguswa. Okinyi aliwahi kujifutia grisi kwa kimoja, na siku hiyo alilala njaa.

Jaribio likaanza. Valarie akatia waya masikioni, vidole vikaanza kukimbia. Okinyi akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Pale verandani alikuwa ameketi Wakoli, mnunuzi wa dagaa wa omena kutoka Bungoma, akingoja jua lipungue. Akachungulia ndani, akaielekezea kompyuta kidole.

"Mzee, sinia hii inaanika omena kiasi gani?"

"Wakoli, nyamaza. Mtoto anafanya mtihani."

"Mtihani ni wake, na mwenye kutoa jasho ni wewe?"

Hapo kompyuta ikaanza kuvuma. Kwanza polepole, kisha kama nyuki waliochokozwa. Valarie alipiga herufi na kioo kikabaki kitupu, halafu maneno yakatokea yote kwa mkupuo, halafu yakakwama tena. Okinyi akaigusa pembeni. Moto! Ungeweza kugeuzia chapati pale.

Ndipo alipomwona Valarie akipeleka mkono kwenye kitambaa, akamtazama mama yake, akaurudisha mkono kwenye herufi.

Mtoto alijua. Alijua na alikuwa radhi kuanguka kuliko kumwaibisha mama yake mbele ya mgeni. Na Okinyi alikuwa nani katika nyumba hii? Miaka ile yote akizurura, Agneta ndiye aliyelea watoto na kufuma. Hakuwa na haki hata juu ya uzi mmoja.

Akainyanyua kompyuta kwa mkono mmoja, akauchomoa ule mzigo wa uzi kwa mwingine.

"Okinyi!"

"Inakosa hewa, Mama Valarie. Inapumulia chini."

"Kwa hivyo ni kitambaa changu kinaua mtoto?"

"Sijasema hivyo. Nimesema inakosa hewa."

"Umefika juzi, leo unanivulia nyumba nguo!"

Wakoli akaona afadhali jua la nje. Okinyi aliiweka kompyuta kwenye mbao tupu, akabaki amekumbatia kitambaa kifuani. Mvumo ukashuka kidogo kidogo. Maneno yakaanza kufuata vidole. Agneta akaenda jikoni, na sufuria zikasikika mpaka barabarani.

Valarie alipovua waya, alikaa akikodolea macho kioo mpaka jibu likaingia. Kisha akapiga kelele.

"Wamenichukua! Mama! Wamenichukua!"

Agneta akaja mbio na mwiko mkononi, hasira akazisahau, akamzungusha binti yake katikati ya viti. Okinyi akaketi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaketi.

"Kwa hivyo unakaa," akasema.

"Siendi Uarabuni, Baba."

"Ndiyo. Unakaa."

Valarie akaanza kukunja waya. "Hapa mtandao unakuja na kupotea. Nitatafuta chumba Kisumu kwanza. Baadaye sijui. Hii kazi inafanywa popote."

Popote. Okinyi alilijua neno hilo. Alikuwa amemwambia Agneta hivyo kila alipofunga begi.

Agneta akaweka mwiko chini. Alikichukua kitambaa kifuani mwa mumewe, akakikung'uta, akaifunika nacho kompyuta iliyokwisha kuzimwa, akaitia kwenye begi polepole kama anayelaza mtoto.

Kule ufukweni feri ikapiga honi. Okinyi hakusimama. Ni Valarie aliyegeuza kichwa.