Kichwa cha Mke wa Cheka Kidogo

Mpiga picha yule watu walimwita Cheka Kidogo, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyomwambia kila aliyekaa kwenye kiti chake, hata waliokuja kupiga picha za kitambulisho, ambazo hazitaki kicheko. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la buluu na dirisha kubwa la barabarani. Nyuma ya ukuta ndiko alikoishi na mkewe, na mkewe alikuwa na mwezi wa tatu sasa akilalamika kuumwa kichwa.

"Mawazo tu hayo, Mama Watoto," mume alikuwa akimwambia. "Kunywa maji, ulale."

Mama Watoto akanywa maji, akalala, akaamka na kichwa kilekile. Siku moja akachoka kuambiwa, akavaa viatu akaenda hospitali peke yake. Alirudi na bahasha kubwa ya kahawia. Ndani mlikuwa na picha ya eksirei: fuvu lake mwenyewe, linatazama mbele, meno yote nje.

"Jumatatu niirudishe," alisema. "Daktari bingwa anakuja siku hiyo moja tu, ndiye atakayeisoma."

Cheka Kidogo hakuuliza kichwa kinaumaje. Yeye aliona mwanga. Miaka ishirini alikuwa akipiga sura za watu kwa nje, na leo ameletewa ya ndani! Kesho yake asubuhi akaibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likapenya, fuvu likawaka kama taa.

Hata saa nne haijafika, vijana wawili waliovaa fulana zenye mafuvu kifuani wakaingia kuomba wapigwe picha kando ya lile la dirishani. Mmoja alilikumbatia kabisa. Nyuma yao akaja bibi mmoja aliyetaka picha ya kitambulisho, akagota mlangoni.

"Umeweka umeme mkubwa humu?"

"Hapana, bibi."

"Basi ni sumu." Enzi zake, alieleza, fuvu lilikaa kwenye mlango wa mitambo ya umeme na kwenye kopo la dawa ya panya, na mwenye akili zake akiliona anageuza njia. "Siku hizi wanalivaa kama ua!" Naye akageuza njia, akaenda studio ya mtaa wa pili.

Mchana akapita mwalimu wa sanaa, aliyekuwa akiandaa maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba. Alisimama mbele ya dirisha muda mrefu, mikono nyuma.

"Wachoraji wa zamani," alisema hatimaye, "waliliweka fuvu mezani, kando ya matunda na mshumaa, ili tajiri akitazama akumbuke kwamba atakufa. Wewe umeondoa matunda. Umeondoa mshumaa. Umeondoa hata meza! Huu ni ushujaa."

Cheka Kidogo, ambaye hakuwa ameondoa kitu chochote, alikohoa kidogo akakubali.

"Na huyu alikuwa nani?"

"Ah, mtu tu."

Jumamosi Mama Watoto akaitafuta bahasha, akaikuta tupu.

"Picha yangu iko wapi?"

"Imepata nafasi kwenye maonyesho," mume alijibu, akichezea kamba ya kamera. "Imependwa sana."

"Kichwa changu?"

"Kimependwa sana, mke wangu."

Jumatatu asubuhi akaenda hospitali mikono mitupu, akamweleza daktari bingwa habari yote. Daktari, mama mfupi mwenye haraka, akatazama saa. "Maktaba si hapo tu ng'ambo ya barabara? Twende."

Ukumbini wageni walikuwa wamejaa. Fuvu lilikuwa ndani ya fremu nyeusi, chini yake kibao: *Mwisho Wetu Sote*. Cheka Kidogo alisimama kando, amevaa koti la harusi yake, na mwalimu wa sanaa alikuwa akifafanua.

"Tazameni hili wingu jeupe chini ya macho. Hayo ni majuto. Marehemu aliishi na siri nzito."

Mama Watoto akapiga chafya. "Marehemu ni mimi," alisema.

Wageni wakacheka kwa adabu. Daktari akawapenya na koti lake jeupe, akavaa miwani, akasogeza pua hadi kwenye kioo.

"Majuto gani? Hiyo ni kamasi na usaha, imejaa pande zote mbili. Mama, miezi mitatu umevumiliaje? Hii inauma kama kupigwa nyundo usoni!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mzee mmoja alisema tangu azaliwe hajaona sanaa ambayo marehemu anakuja na daktari wake.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Neno nyundo lilikuwa limemwingia Cheka Kidogo. "Nilimwambia anywe maji," alisema, bila kumwambia yeyote, na mgeni aliyekuwa karibu akayaandika maneno hayo kwenye daftari lake.

Siku hiyohiyo Mama Watoto alianza dawa, na mume ndiye aliyemletea kila kidonge kwa saa yake, kama karani mpya. Wiki ya pili pua ikazibuka, mke akasikia harufu ya chakula alichopika mume kikiungua jikoni. Alifurahi, akakiacha kiungue.

Kisha mwalimu wa sanaa akarudi: watu wanadai fuvu la pili.

"Sasa ni zamu ya kichwa chako," mke alimwambia mumewe, na wakaenda hospitali wote wawili. Daktari wa zamu akambonyeza Cheka Kidogo paji la uso, akammulika puani, akamuuliza kama anaumwa popote. Haumwi? Basi hapigwi eksirei.

"Rudi nyumbani, bwana," alisema. "Kichwani hamna kitu."

"Daktari," Mama Watoto akasema, "nakuomba uniandikie hayo kwenye karatasi, na muhuri uweke."