Nyumba Iliyobaki Nje ya Mzunguko

Kamba ya ng'ombe ilikuwa mkononi mwa Badawi, na hilo likumbukwe kabla ya kumlaumu mtu mwingine. Mwaka ule ndui ilikuwa imeingia vijiji vya kaskazini, na watu wa Mkokoni wakaamua kuzungusha ng'ombe. Fahali mweusi huongozwa kuizunguka ardhi yote ya mji, walimu wakimfuata wakisoma, kisha huchinjwa na nyama ikagawiwa nyumba kwa nyumba. Kilichomo ndani ya mzunguko huwa kimelindwa. Njia aliijua Badawi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyefuatana na marehemu babake: kutoka pwani, kupita visima, kupanda kilima, kushuka nyuma yake kwenye nyumba ya Tima, na kurudi pwani.

Tima alikuwa dadake mkubwa, mjane, mkaidi kama baba yao, na alikuwa amekataa katakata kuliacha shamba lake la mtama.

Sasa kilima kilikuwa na mwenyewe mpya. Serikali ilikuwa imepanga mawe yaliyopakwa chokaa chini yake na kupiga marufuku kukata miti, kuwasha moto na kupitisha mifugo. Fahali alipofika kwenye mawe akagoma. Jua lilikuwa la utosi, walimu wamekauka makoo, na Badawi, ambaye hata siku ya wingu hakupenda kupanda kilima, akajiambia kwamba kilima kina mlinzi wake tayari, na Tima atapelekewa nyama. Akamgeuza fahali upande wa mji. Waliomfuata wakageuka naye, maana waliamini anajua anakokwenda.

Baada ya kuchinja alimwomba Hamdun, aliyekuwa akigawa nyama, atenge fungu la Tima.

"Tima yupi?" Hamdun akauliza, kisu mkononi, bila mzaha usoni.

Badawi akacheka. Hamdun alikuwa amemposa Tima mara mbili na kukataliwa mara mbili, na mtu ana haki ya kuwa na kinyongo. Akachukua fungu lake akaenda nyumbani. Mamake, Bi Mwanamkisi, kila Ijumaa alimpikia Tima mikate ya mofa huku akimlalamikia mwanzo mpaka mwisho. Ijumaa ile alikuwa amepika mikate ya watu wawili tu. Badawi alipouliza ya Tima iko wapi, mama akamgusa paji la uso kuona kama ana homa, akasema Mungu alimjaalia mtoto mmoja tu, naye anamshukuru kwa huyo huyo.

Hapo hofu ilimshika Badawi. Alikwenda mbio mpaka kilimani.

Alimkuta Tima amesimama ng'ambo ya mawe, mchana kweupe. Upande wa mji ndege walikuwa wakilia. Upande wake hata jani halikutikisika.

"Badawi, ndia mumeifunga?" akauliza. "Tangu adhuhuri natembea kuja kwenu, na kila nikishuka najikuta mlangoni pangu."

Badawi akaunyoosha mkono juu ya mawe, akamshika. Mkono wa dadake ulikuwa na joto na sugu za jembe. Akamvuta, huku akimwambia mama anamngoja na mikate inapoa. Alipotazama, vidole vyake vilikuwa vimefumba hewa. Tima alikuwa kule juu kilimani, akishuka tena upya, akimlaumu kwa kumwachilia.

Alirudi mjini akamwangukia Mwalimu Jeilani, aliyeongoza kisomo, akakiri kosa lake lote. Mwalimu hakumkasirikia. Alisema angekuwa radhi kuzungusha ng'ombe mara ya pili kama kweli kuna nyumba iliyoachwa, lakini nyumba ya nani? Wazee waliulizwa mmoja mmoja, na kila mmoja alisema kuwa nyuma ya kilima hajapata kukaa mtu. Wakamshauri Badawi apumzike.

Ndui ilipita mbali na mji, na watu wakamshukuru kwa kazi yake njema. Shukrani zile zilimkera kuliko matusi.

Siku ya tatu aliamka akijua kuna jina anapaswa kulitaja, na hakulipata mpaka adhuhuri. Alipolipata alilia. Akija kulisahau yeye, hapatakuwa na mtu duniani wa kumjua Tima, na ng'ombe akizungushwa tena kamba ile ile itageuzwa pale pale, na mwenye kuigeuza atakuwa yeye. Akambusu mama mkono, akasema anakwenda mara moja. Mama akamwambia asichelewe kula. Badawi akaenda mpaka kwenye mawe, akasoma Fatiha, akavuka.

Tima alimpokea kwa maneno makali na uji wa mtama, kisha akamshika bega akakataa kumwachia. Badawi alimwambia mama hatavumilia, atakuja mwenyewe kumtafuta mwanawe, na akija atawaona wote wawili. Alilisema hilo kila siku, na akaliamini.

Siku ya saba Bi Mwanamkisi alifika visimani, chini ya kilima, na mtungi wake. Badawi na Tima walishuka mbio mpaka kwenye mawe, Badawi akiita, "Mama! Mama, ni sisi!" Bi Mwanamkisi akainua macho, akawatazama vizuri, yeye na dadake. Kisha akavuta leso akajifunika uso, kama impasavyo mwanamke mbele ya mwanamume asiye maharimu wake.