Punda wa Jumanne ya Novemba

Bwana Tranter alikuwa na uzito wa ratili mia moja sabini na mbili. Nilijua kwa sababu mizani ya klabu ya mgodi niliirekebisha mimi, kama nilivyorekebisha mizani ndogo za maabara tulikopimia dhahabu, na daftari la uzito lilikuwa wazi mezani. Alipenda kujipima kila Jumamosi baada ya kriketi, mbele ya watu, na kuusoma uzito wake kwa sauti.

Alikuwa Mwaustralia wa Kalgoorlie, mji wa dhahabu kama wetu, na hakupenda kuitwa Mwingereza. Kazi yake ilikuwa kusimamia kinu cha kusagia mawe. Waingereza wa mgodi walimcheka kwa lafudhi yake, naye aliwacheka kwa uma na visu vyao, maana yeye kila Jumapili alichoma nyama juu ya koleo kuukuu lililosuguliwa kwa mchanga, akaila kwa mkono akiwa amevaa kaptura. Bia aliipoza ndani ya gunia bichi lililoning'inizwa penye upepo. Nyumbani kwake hapakukosa wageni. Hata wafanyakazi wengi walimpenda, kwa kuwa alisalimia kabla ya kusalimiwa.

Jumanne ya kwanza ya Novemba ilikuwa sikukuu yake. Siku hiyo kwao kuna mashindano makubwa ya farasi, na saa mbili asubuhi kwa saa zetu Bwana Tranter aliwakusanya wenzake kuzunguka redio iliyokoroma zaidi kuliko ilivyosema. Mchana walikula. Saa kumi alasiri walifanya mbio zao wenyewe kwenye uwanja wa ndege wa mgodi. Farasi hawaishi sehemu hii kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo walikimbiza punda, na punda walitoka vijijini kwetu, upande wa Katoro.

Mwaka 1953 aliyeleta punda ni baba yangu, Mzee Maduhu, mmoja wa wazee wa baraza la kijiji. Punda wake alishinda. Bwana Tranter, ambaye alikuwa amekunywa, alimvua mkewe Beryl kofia yake ya maua, akamvika baba, akampandisha juu ya punda uso ukielekea mkiani, akamzungusha mbele ya wageni. Alitangaza kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye bibi harusi wa mwaka na mwanamume aliye tayari ajitokeze. Wageni walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na mmoja wao akapiga picha.

Baba hakujua Kiingereza. Alidhani ndivyo Wazungu wanavyomheshimu mwenye punda aliyeshinda. Alitoa mkono akamshukuru Bwana Tranter kwa Kisukuma, mara tatu: wabeja, wabeja, wabeja. Nyumbani aliwasimulia wazee wenzake heshima aliyopewa, nao wakamsifu.

Nilikuwepo. Nilisimama hatua kumi kutoka pale, na cheti changu cha shule ya misheni, nikaelewa kila neno. Sikusema kitu, siku ile wala wiki iliyofuata.

Picha ndiyo iliyosema. Bwana Tranter aliibandika dukani mgodini, na karani wa duka akamtafsiria Ngassa, mchinjaji wa mnadani, maneno yaliyoandikwa chini yake. Jumanne iliyofuata, siku ya mnada, mbele ya watu na ng'ombe, Ngassa aliita, "Mzee Maduhu! Mahari yako wanataka ng'ombe wangapi?" Mnada mzima uligeuka. Baba aliacha kwenda barazani. Wazee hawakumfukuza, walianza tu kutabasamu kila aliposimama kusema.

Jumamosi ile nilipokuja nyumbani, aliniuliza swali moja. "Ulikuwa pale. Ulisikia. Kwa nini hukuniambia?"

Kuanzia hapo hakunisemesha tena. Kila nilipokuja nyumbani Jumamosi, alizungumza na mama kana kwamba mimi niko chumba cha pili. "Mama Cornel, mwambie mgeni wako chakula kiko tayari." Ilikuwa hivyo miezi kumi na moja. Nilitaka vitu viwili tu: Bwana Tranter afanyiwe mbele ya watu alichomfanyia baba, na baba anisemeshe. Niliamini cha kwanza kingeleta cha pili.

Nilikuwa na punda jike niliyemnunua kwa mshahara wangu, aliyelala zizini kwa baba. Aliitwa Majivu kwa rangi yake. Mwezi wa tisa alizaa. Kila mfuga punda kwetu anajua kwamba jike anayenyonyesha habebeshwi mzigo isipokuwa mwanawe anamfuata nyuma, kwa sababu chuchu zikijaa hakuna kamba wala fimbo itakayomzuia kurudi nyumbani. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna anayelisema.

Mimi nililipima. Jumapili mbili mfululizo nilimtoa Majivu alfajiri, nikamfungia mtoto zizini, nikampeleka yeye hadi uwanja wa ndege, maili tatu. Nilimkalisha hapo mpaka saa kumi. Kisha nilimfunga mgongoni gunia la mbegu za pamba na mchanga lenye ratili mia moja sabini na mbili, nikamwachia na kumfuata kwa baiskeli. Mara ya kwanza alifika nyumbani kwa dakika ishirini na sita. Mara ya pili, ishirini na nne. Mara zote mbili alishika barabara na kupita katikati ya uwanja wa mnada, maana ndiyo njia fupi. Mama yangu aliniona nikiandika saa. Aliniuliza ninafanya nini, nikamweleza. Alisema, "Lo," akarudi jikoni.

Wiki moja kabla ya mbio Bwana Tranter aliingia maabara. Mwaka huo alitaka kupanda mwenyewe. Bwana Pelham, mpima ardhi Mwingereza, alikuwa amesema klabuni kwamba Waaustralia ni hodari wa kuzungumza juu ya farasi, na wageni walikuwa wanakuja kutoka Shinyanga na Mwanza. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kinuni: "Cornel, punda gani iko mbio zaidi?"

"Majivu," nilimjibu kwa Kiingereza. "Nimempima kwa saa. Akiwa na uzito wako, anawazidi wote."

"Umempima na uzito wangu?" Alicheka, akanipiga begani. "Kijana wa sayansi!"

Asubuhi ya Jumanne nilileta punda watano. Alimkagua Majivu mbele ya wageni, akieleza kwamba baba yake alifuga farasi wa mbio na kwamba yeye alijua mnyama kabla hajajua kusoma. Alifungua midomo akatazama meno. Alipapasa miguu yote minne. Alitazama macho na masikio. Hakuinama atazame chini ya tumbo. Nilikuwa nimesimama karibu, nikiwa tayari kujibu swali lolote.

Kufikia saa kumi Majivu alikuwa akitetemeka na kugeuza kichwa upande wa Katoro.

"Mtazameni!" alisema Bwana Tranter. "Ana hamu ya mbio."

Alivaa shati la hariri la kijani na njano ambalo Beryl alilishona kutokana na mapazia, na suruali nyeupe. Miguu aliipitisha kwenye vitanzi vya kamba. Bwana Pelham alipanda dume jeusi ambalo halikutaka kusogea. Bendera iliposhushwa, Majivu aliondoka peke yake.

Ilikuwa nusu maili, na alishinda kwa umbali ambao sikuona haja ya kuukadiria. Wageni walishangilia. Bwana Tranter aliinua mkono mmoja alipovuka mstari. Majivu hakupunguza mwendo. Alivuka mwisho wa uwanja, akaruka mtaro, akashika barabara.

"Anazunguka," alisema Beryl. "Anataka kututania."

Mwanzoni Bwana Tranter hakuruka chini kwa sababu alikuwa anaongoza. Baadaye hakuruka kwa sababu miguu ilikuwa kwenye vitanzi na barabara ilikuwa ya mawe. Dakika tano zilipita kabla wageni hawajaacha kucheka. Bwana Pelham aliwasha gari la klabu, Beryl akapanda mbele, nami nikapanda nyuma bila kuambiwa.

Tulimwona tulipofika mnadani, au tuseme tuliwaona watu waliokuwa wakimwona. Ng'ombe walikuwa wametawanyika pande mbili. Wanunuzi walisimama juu ya uzio. Bwana Tranter alipita katikati yao akiwa amelala kifudifudi, ameshika shingo ya punda kwa mikono yote miwili, shati limepasuka mgongoni, na Ngassa mchinjaji alikuwa akikimbia kando yake, kisu mkononi, akiuliza kwa sauti ya huruma, "Bwana, unakwenda wapi? Bwana, umetuma habari kwamba unakuja?" Watu walilia kwa kucheka. Nilitazama saa yangu. Dakika ishirini na mbili.

Sikuhisi huruma. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mnada mzima ulimfuata hadi nyumbani kwetu. Tulipofika, Majivu alikuwa zizini akinyonyesha, na Bwana Tranter alikuwa ameketi kwenye kinyesi, uso mwekundu, goti likitoka damu. Baba alisimama mlangoni pa zizi. Alimtazama mgeni, akamtazama punda, kisha akanitazama mimi nikishuka kwenye gari.

"Mleteeni kiti," alisema. "Na maji. Mtu akifika kwangu anakaa."

Bwana Tranter akakaa, akanywa. Beryl alikuja kumfuta goti kwa kitambaa. Baba naye akaketi kwenye benchi lake chini ya ukingo wa paa, pamoja na wazee wawili wa baraza waliomfuata kutoka mnadani.

"Cornel," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na moja. Nilisogea mbele yake.

"Punda huyu ana mtoto wa wiki sita. Ulijua."

"Nilijua, baba."

"Ulimwambia?"

"Hakuuliza."

"Mimi pia sikuuliza," alisema baba. "Sikujua kama kuna la kuuliza."

Nilitafuta kosa katika maneno hayo, kama ninavyotafuta kosa katika hesabu. Halikuwepo.

"Leo utatafsiri," alisema. "Neno kwa neno. Usipunguze. Mwambie hivi: mwaka jana nilimwambia wabeja mara tatu mbele ya watu. Leo naichukua wabeja yangu, mara tatu, mbele ya watu."

Nilitafsiri. Mmoja wa wazee aliitikia kwa Kisukuma kwamba imechukuliwa.

"Wabeja ya nini?" aliuliza Bwana Tranter. "Huyu mzee ni nani?"

Hakumkumbuka. Sikuwa nimelitegemea hilo. Nilimweleza: kofia, punda, bibi harusi. Alifikiri kidogo, kisha uso wake ukafunguka.

"Aa! Ule ulikuwa utani tu."

"Anasemaje?" aliuliza baba.

"Anasema ulikuwa utani."

"Utani?" Baba aliwageukia wazee. "Kumbe huyu ni mtani wangu! Muulize, babu yake na babu yangu walikubaliana lini? Nikifa, atakuja kunizika? Akifa yeye, nikamwage majivu ya jiko lake mbele ya wafiwa nikidai kuku, mkewe ataninyamazia? Muulize."

Watu waliangua kicheko, lakini hicho hakikuwa kicheko cha mnadani. Nilitafsiri yote, pamoja na kuku. Bwana Pelham alijifanya kutazama magurudumu ya gari. Ngassa, ambaye alikuwa mbele kabisa, alirudi nyuma hatua mbili, na mmoja wa wazee akamwita, "Usiende, Ngassa. Nawe ulikuwa mtani wa nani?"

Ningeweza kuishia hapo. Nilichokitaka kilikuwa kimetimia, na kwa usahihi zaidi ya nilivyopanga. Lakini baba alikuwa hajamaliza.

"Sasa mwambie kwamba punda ni wako. Mwambie ulimpima na gunia Jumapili mbili; mama yako ameniambia. Mwambie ulimtazama akikagua meno, ukanyamaza. Taja jina lako na jina la baba yako."

Pale hapakuwa na mtu mwingine aliyejua Kisukuma na Kiingereza. Ningeweza kusema kwamba mzee anamwombea heri na goti lake lipone. Baba alilijua hilo. Alikuwa akinitazama mdomoni.

Nilikuwa Mwafrika pekee katika maabara ile. Nilikuwa nimefanya kazi miaka minne kufika pale.

Nilisema yote. Nilitaja ratili, maili na dakika. Nilisema, "Mimi ni Cornel, mwana wa Maduhu, uliyemvika kofia."

Bwana Tranter alisimama kwa shida. "Wewe?"

"Anasemaje?"

"Anauliza kama ni mimi."

"Mjibu."

Nilimjibu kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kisukuma ili wote wasikie. Bwana Tranter aliniita jina baya lililomfanya Beryl amshike mkono, halafu akasema nisikanyage tena maabara. Alikwenda garini akichechemea, na watu wakampa njia bila kumgusa. Bwana Pelham aliwasha gari.

"Na hilo la mwisho?" aliuliza baba.

"Anasema kesho nisiende kazini."

Baba alitazama vumbi la gari mpaka likatulia. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa. Alisogea kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja.

"Basi kaa," alisema. "Kesho tunapanda pamba."